SPIKA ZA GARI ZIKILIA "PA!", USIKIMBILIE DUKANI

Siku hizi gari lisilo na sauti ndani yake huonekana kama nyumba iliyohamwa. Dereva wa abiria anayeondoka Mombasa alfajiri kwenda Voi, na kutoka Voi akashika njia ya Mwatate hata Taveta, huanza safari yake kwa kisomo cha Qurani, aghalabu kile cha marehemu Sheikh Abdulbasit Abdulsamad wa Misri. Jua likisha kupanda na abiria wakianza kuchangamka, hubadilisha akaweka taarabu ya marehemu Juma Bhalo au ya Bi Zuhura Swaleh, na safari ikawa fupi. Zamani mambo yote hayo yalikuwa katika kaseti, chombo kilichotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Leo yamo katika simu, au katika flashi ndogo iliyofungwa pamoja na funguo. Chombo kimebadilika, lakini jambo ni lile lile: sauti nzuri garini ni sehemu ya ukarimu wa mwenye gari, kama kahawa ilivyo sehemu ya baraza.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, qari ameivuta aya kwa pumzi moja ndefu, gari zima limenyamaza kusikiliza, na hapo hapo spika zinalia "pa!" kama bati lililopigwa jiwe. Mzee aliyekaa nyuma anashtuka, mtoto analia, na dereva anaona haya. Mwendo kidogo, "pa!" tena. Watu wengi wakifikwa na jambo hili hufanya kitu kimoja tu: hulaani spika, wakaenda dukani kununua nyingine. Na wengi wao hurudi njiani na spika mpya zinazolia "pa!" kama zile za kwanza.

Neno ninalotaka kusema leo ni fupi. Mlio huo mara nyingi si ugonjwa wa spika. Spika ni mjumbe tu, na wahenga walisema mjumbe hauawi. Kabla ya kutoa fedha, yafaa kuuliza mjumbe ametumwa na nani. Na pengine habari anayoleta ni kubwa kuliko muziki.

SPIKA NI KITU GANI

Spika tunazotumia magarini zinafuata njia iliyoonyeshwa na Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, mwaka 1925. Ndani yake mna sumaku, na katikati ya sumaku mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, ulioshikana na karatasi ile pana tunayoiona kwa mbele. Umeme wa sauti ukipita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku, na karatasi huenda mbele na nyuma pamoja nayo. Karatasi ikitikisa hewa, sisi tunasikia.

Kwa hivyo spika haina akili yake. Umeme ukija polepole, karatasi huenda polepole, umeme ukiruka ghafula, karatasi nayo huruka, na mruko huo ndio "pa!" tunayoisikia. Chochote kinachofanya umeme uruke, kama waya uliolegea, swichi iliyofunguka au cheche iliyopiga, spika itakisema bila kuficha.

Wala balaa hili si la leo. Redio za gari zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani tangu mwaka 1930, ndugu wawili wa ukoo wa Galvin wa mjini Chicago walipotoa redio yao iliyoitwa Motorola. Moja katika mambo yaliyowasumbua watengenezaji wa siku zile ni makelele ya injini yenyewe. Injini ya petroli hufanya kazi kwa cheche za plagi, na cheche ni redio ndogo inayopiga kelele. Kwani Marconi alipoanza kupeleka habari bila waya, si alitumia cheche hizo hizo? Basi mtu anayetia redio ndani ya gari ametia sikio kali ndani ya nyumba yenye wapiga kelele wengi, na inampasa ajue namna ya kuwatenga.

NJUKINI, CHINI YA KILIMANJARO

Haya nilisikia yakielezwa vizuri Njukini, nilikokwenda kwa ajili ya harusi ya jamaa zetu. Asiyeifika Njukini na aijue: iko kaskazini ya mji wa Taveta, kwenye njia iendayo Illasit na Loitokitok, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya chemchemi na migomba. Mawingu yakiondoka asubuhi, Kilimanjaro unauona mzima, na Mawenzi kimesimama mbele ya Kibo kwa sababu uko upande wa mashariki ya mlima. Ziwa Chala, lililokaa ndani ya shimo la volkeno, haliko mbali. Lakini mwenye gari hutazama zaidi udongo. Ni udongo wa volkeno, na njia za mashambani zikikauka hutoa vumbi jembamba linalopenya kila tundu.

Mpwa wangu, aliyetuchukua kutoka Taveta, ana gari aina ya Toyota Probox ambalo ndilo riziki yake. Huchukua abiria, na siku za soko huchukua ndizi. Njia nzima spika zake zilikuwa zikilia "pa!" kila tulipoingia shimoni. Nilipomwuliza, alinijibu kwa unyonge: "Mjomba, nimeshauriwa ninunue spika nne mpya na amplifaya mpya. Fedha ninazo, ila ni za karo ya binti anayeingia sekondari. Nafikiri nitazitoa kwanza, kisha Mungu atajalia nyingine."

Nilimwambia asitoe hata senti kabla ya kupata mtu wa kulitazama gari. Njukini yuko mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi ametengeneza redio, tangu zile za betri za tochi hata hizi za leo. Tulimkuta chini ya mwembe, meza yake ina bisibisi tatu, mita ya kupimia umeme, msasa na mkebe wa risasi ya kulehemu. Mpwa wangu alianza kufungua mlango amwonyeshe spika. Mzee alimzuia.

"Mwanangu, usinionyeshe spika. Niambie kwanza, hulia wakati gani?"

"Gari likiingia shimoni, mzee. Na mara nyingine mlango wa nyuma ukifungwa kwa nguvu."

"Injini ikizimwa, gari limesimama kimya na redio inasoma?"

"Hapo hazilii."

"Hulia spika moja au zote?"

"Zote pamoja, mzee."

Mzee alicheka kidogo. "Spika nne haziwezi kushikwa na homa moja, siku moja, saa moja. Wanne wakiugua pamoja, tazama maji waliyokunywa."

KUFUATA MLIO HATA KWAO

Namna mzee alivyofanya kazi ndiyo niliyotaka wasomaji waijue, kwa maana haikuhitaji chombo cha ajabu. Alipunguza sauti ya redio mpaka mwisho, ikawa kimya kabisa, kisha akamwambia mpwa wangu alitikise gari kwa nyuma. "Pa!" Kumbe mlio ulikuja hata bila kisomo wala muziki. Mzee alitueleza: mlio ukinyamaza sauti inapofungwa, basi unatoka katika flashi, simu, erio au redio yenyewe. Ukiendelea sauti ikiwa imefungwa, basi umeingia baada ya kitufe cha sauti, yaani katika amplifaya, katika waya zinazotoka redioni kwenda kwake, au katika umeme unaoilisha.

Kisha alichomoa zile waya mbili nyembamba zinazoleta sauti kwenye amplifaya iliyokuwa chini ya kiti cha nyuma. Gari likatikiswa, "pa!" ikalia tena. Basi waya za sauti nazo zimetoka lawamani. Kilichobaki ni chakula cha amplifaya, nacho huja kwa njia mbili: waya mwekundu unaotoka kwenye betri, na waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, ule ambao mafundi huuita athi.

Mzee aling'oa kwanza kichwa cha hasi cha betri ili gari lisiwe na umeme, ndipo akaushika waya wa athi. Nati yake ilizunguka kwa vidole vitupu! Tena waya ulikuwa umefungwa juu ya rangi ya gari, na chini ya rangi mna kutu. Rangi haipitishi umeme, na kutu ni daraja bovu. Kila gari lilipotikisika, waya uliachana na bodi kisha ukarudi, na spika zikasema. Alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati kwa spana, kisha akapaka grisi juu yake ili kutu isirudi. Betri ikarudishwa, gari likatikiswa. Kimya.

"Alhamdulillahi, mzee, yamekwisha," alisema mpwa wangu.

"Bado. Hapa tumelitikisa kwa mkono. Twende tukaliulize njiani."

WAYA MWEKUNDU

Tulishika njia ya mashambani. Mashimo kumi yalipita salama, na la kumi na moja likatoa "pa!" ndogo, na taa ya dashibodi ikapepesa. Mzee alisema simamisha. Alifungua boneti na kuufuata waya mwekundu kwa vidole, shibiri kwa shibiri, kutoka kwenye betri mpaka mahali unapotoboa ukuta wa chuma kuingia ndani ya gari. Hapo akatuita tutazame.

Tundu lile la chuma halikuwa na ringi ya mpira. Aliyeutia waya alitoboa bati akaupitisha hivi hivi, na makali ya bati yamekuwa yakiukata mwezi baada ya mwezi. Shaba ilikuwa ikionekana, nyekundu na safi, na pembeni ya tundu mna weusi wa cheche. Tena fyuzi iliyopaswa kukaa karibu na betri ilikuwa imetiwa kule nyuma, karibu na amplifaya. Maana yake ni kwamba kutoka kwenye betri hata chini ya kiti cha nyuma, waya wote ule haukuwa na mlinzi.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Betri ya gari ni ya volti 12 tu, na mtu huweza kuishika bila kudhurika; kwa hivyo wengi huidharau. Lakini chanya ya betri ikigusana na bodi bila fyuzi, umeme wa mamia ya ampea hupita kwa mara moja, waya ukawa mwekundu kama kaa, ngozi yake ya plastiki ikashika moto, na zulia la gari likafuata. Ile "pa!" ndogo iliyomtia haya mpwa wangu mbele ya abiria ilikuwa ni cheche inayogonga mlango. Lau angenunua spika nne mpya na amplifaya kubwa zaidi, angeongeza mzigo juu ya waya ule ule uliokatika, huku ndani ya gari mmekaa watoto wa watu.

Dawa yake ilikuwa ringi ya mpira, kipande cha waya mpya, na fyuzi na kishikizo chake, iliyowekwa shibiri mbili tu kutoka kwenye betri. Bei ya vyote hivyo na ujira wa mzee havikufika hata sehemu ya kumi ya zile fedha za karo. Binti alikwenda shule.

DALILI NYINGINE NA MAANA YAKE

Si kila gari lina ugonjwa wa lile la Njukini. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na kila mlio una mawingu yake. Haya hapa machache ya kumfaa mwenye gari.

Mlio mmoja tu mzito, "du!", wakati wa kuwasha au kuzima redio: amplifaya imeamka kabla ya redio kutulia, au imebaki macho baada ya redio kulala. Upo waya mwembamba unaotoka redioni kuiamsha amplifaya. Watu wengine huuunganisha na swichi ya gari badala ya redio, na hapo ndipo "du!" huanzia. Urudishwe mahali pake.

Mlio wa "ta-ta-ta" unaokwenda mbio injini ikienda mbio, na kupungua ikipungua: hizo ni cheche za plagi. Tazama plagi na waya zake kama zimezeeka, na uhakikishe kwamba erio imeshika bodi vizuri. Gari la dizeli halina plagi za cheche, kwa hivyo kwake tafuta kwingine. Mlio ukiwa ni mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na injini, mshuku alternata, ambayo huchaji betri kwa kiasi cha volti 14, au athi mbili zilizofungwa mahali mbalimbali, redio mbele na amplifaya nyuma. Waya za sauti na waya wa umeme visilale pamoja. Kimoja kipite kulia, kingine kushoto.

Mlio unaokuja pamoja na indiketa, honi au feni: umeme wa vitu hivyo unakopa njia ya redio. Athi ya redio ifungwe peke yake kwenye chuma safi.

Mkwaruzo unaosikika unapozungusha kitufe cha sauti: ni vumbi ndani ya kitufe. Dawa ya kusafishia viungo vya umeme hulitoa. Usitie mafuta ya kupikia wala ya injini, kwa maana yatakusanya vumbi jingine.

Mlio ukija kwenye redio tu, lakini flashi ikiwekwa sauti ni safi: tazama erio, au milima. Mawimbi ya FM huenda kwa kunyoka, na kilima kikiingia kati hukatika. Katika nchi ya mpakani kama Taveta, stesheni za pande mbili nazo huweza kugombania nafasi moja hewani. Hapo spika wala redio hazina kosa. Na ukisikia "dididi, dididi" kisha simu ikalia, hiyo ni simu yako. Iondoe karibu na redio. Chaja hafifu za simu zinazotiwa kwenye tundu la sigara nazo hupiga kelele. Ichomoe, usikilize tena.

Mlio wa spika moja tu, hasa ya mlangoni: fungua na ufunge mlango polepole huku redio ikiimba. Waya za mlangoni hukunjwa kila siku, na mwisho hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana. Tena katika redio za kisasa waya wowote wa spika usiguse bodi, hata ule wa hasi. Ukigusa, redio hukata sauti au huungua.

SIKU SPIKA YENYEWE IKIWA MGONJWA

Wala sisemi spika hazifi. Kumjua aliyekufa ni rahisi. Ing'oe waya zake, kisha sukuma karatasi kwa vidole viwili taratibu, pande zote kwa usawa. Ikienda na kurudi kimya, ni nzima. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili inagusa sumaku, au mchanga umeingia. Mchanga wa volkeno una chembe za chuma, na sumaku huzipenda. Kwa hivyo nchi kama ile spika ziwe na kifuniko. Kisha chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, uguse waya mbili za spika mara moja. Karatasi iruke na kutoa mlio mkavu. Isiporuka, koili imekatika. Mwenye mita apime: spika ya omu 4 huonyesha kati ya 3 na 4.

Na mwenye kupenda sauti kubwa naye ana lake. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupiga kelele kupita uwezo wake, sauti hukatwa vichwa, ikatoka imevunjika, na koili hupata moto mpaka ikaungua. "Pa!" inayokuja kwenye besi tu, sauti ikiwa juu, haitaki spika mpya, inataka mkono upunguze. Sheria ya Kenya ina kanuni za makelele tangu mwaka 2009, lakini kabla ya sheria kuna adabu: abiria amelipa nauli, hakulipa kuumizwa masikio.

Basi, ndugu msomaji, gari lako likilia "pa!" fuata utaratibu. Uliza wakati gani, uliza wapi, funga sauti usikilize, badilisha redio kwa flashi, kisha fuata waya kuanzia athi mpaka betri. Kabla ya kushika waya, ng'oa hasi ya betri. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi na waya mwekundu umepita tundu gani. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa. Spika na ziwe kitu cha mwisho kununuliwa. Haraka haraka haina baraka, na katika umeme wa gari, haraka huweza kugharimu zaidi ya fedha.